Sukari ya Mmoja, Sufuria ya Wawili

Mwili wa mtu mzima una takriban lita 5 za damu. Kwa mtu asiye na kisukari, sukari yote iliyomo katika damu hiyo ni kama gramu 5 tu, kijiko kimoja cha chai, na mwili unafanya kazi usiku na mchana ili isizidi wala isipungue. Sasa itazame sahani ya chakula cha jioni. Robo tatu ya uzito wa unga wa mahindi ni wanga, na wanga ni glukosi iliyoungana kwa mnyororo mrefu ambao utumbo huukata kipande kwa kipande na kuuingiza kwenye damu. Anayekula ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga ameupa mwili wake gramu zipatazo 150 za wanga, mara 30 ya sukari iliyomo katika damu yake yote. Kijana aliyeshika jembe tangu alfajiri, misuli yake itaipokea glukosi hiyo na kuiunguza. Mtu wa miaka 50 anayeshinda dukani, ofisini au kwenye usukani wa daladala hana pa kuipeleka, na kesho yake atakula tena kiasi kilekile, kwa sababu ndicho kiasi kinachopikwa nyumbani kwake.

Kazi ya kuiondoa glukosi kwenye damu ni ya insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho. Misuli ikishashiba, ini huigeuza ziada kuwa mafuta. Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, ameyafuatilia mafuta hayo kwa miaka mingi kwa vipimo vya picha. Maelezo aliyoyatoa mwaka 2008 yanasema hivi: ini lililojaa mafuta haliitikii insulini vizuri, hivyo huendelea kutoa sukari hata mwenyewe akiwa amelala, na mafuta yanayozidi huenda kukaa kwenye kongosho na kuzidhoofisha chembe zinazotengeneza insulini. Hapo kisukari aina ya pili huanza, pengine miaka kadhaa kabla mtu hajapimwa. La kutia moyo ni kwamba njia hiyo inaweza kurudiwa kinyumenyume. Katika utafiti wake mmoja, mafuta yaliyotoka kwenye kongosho la wagonjwa waliopungua uzito hayakufika hata gramu moja, na kongosho likaanza tena kazi yake.

Kwamba kupunguza wanga hushusha sukari ya damu si jambo jipya. John Rollo, daktari wa jeshi la Uingereza, aliandika mwaka 1797 habari za mgonjwa aliyempa mlo wa nyama na kumzuilia nafaka, naye akapata nafuu. Apollinaire Bouchardat aliona jambo linalofanana na hilo mwaka 1870, mji wa Paris ulipozingirwa na jeshi la Prussia na chakula kikawa haba. Insulini ilipogunduliwa Toronto mwaka 1921 iliokoa maisha ambayo mlo usingeweza kuyaokoa, lakini pia mlo ukasukumwa nyuma ya dawa kwa miongo mingi. Umerudi mbele. Chama cha Kisukari cha Marekani kilisema katika tamko lake la mwaka 2019 kuwa, kati ya njia zote za ulaji, kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari. Kwa hiyo swali gumu siku hizi ni jingine: kwa nini watu wengi wanaoanza mlo huu huuacha? Ninaamini jibu liko jikoni. Mlo wa kupunguza wanga ukipewa mgonjwa peke yake umetolewa nusu. Anayepaswa kuandikiwa ni nyumba, na nyumba huanza na mume na mke.

Tuuangalie ushahidi wenyewe, maana una pande mbili. Mwaka 2021 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 23 yaliyohusisha watu 1,357 wenye kisukari aina ya pili. Baada ya miezi sita, watu 57 kati ya kila 100 waliopunguza wanga walikuwa wameshusha kipimo chao cha wastani wa sukari wa miezi mitatu chini ya asilimia 6.5, ambao ndio mpaka wa kisukari. Kwa waliokula milo mingine walikuwa 31. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini kufikia mwezi wa kumi na mbili ilikuwa imepungua sana. Jambo kama hilo lilionekana katika jaribio maarufu la DiRECT lililofanyika Scotland na kaskazini mwa England. Mwaka wa kwanza, wagonjwa 46 kati ya kila 100 waliopewa mlo mkali wa kupunguza uzito walirudi kwenye sukari ya kawaida bila dawa; mwaka wa pili wakabaki 36. Waliopungua kilo 15 au zaidi walifanikiwa kwa asilimia 86, kwa hiyo tiba yenyewe haikuwa na kasoro. Uzito ulirudi, na sukari ikaufuata.

Msomaji makini anaweza kunikatiza hapa. Mlo wa DiRECT haukuwa wa kupunguza wanga. Ulikuwa vinywaji maalumu vyenye kalori zipatazo 850 kwa siku, na zaidi ya nusu ya kalori hizo zilitoka kwenye wanga. Ni kweli, na hoja hiyo yafaa ikubaliwe bila kuzungushwa. Kinachoondoa mafuta kwenye ini na kongosho ni kupungua uzito, kwa njia yoyote ile. Kupunguza wanga kuna faida mbili juu ya hapo. Kwanza, sukari hushuka tangu siku za mwanzo, hata kabla mizani haijaonyesha kitu, kwa sababu glukosi inayoingia imepungua. Pili, mtu anayekula mayai, samaki, maharage na mboga nyingi hashindi na njaa, ilhali anayekula sahani ndogo ya wali mtupu huwa na njaa tena baada ya saa mbili. Mlo usiomwacha mtu na njaa ndio wenye nafasi ya kudumu, na kudumu ndiko tunakokutafuta.

Daktari mmoja wa kawaida ametuonyesha jinsi hilo linavyowezekana. David Unwin wa mji wa Southport, England, alianza miaka ya mwanzo ya 2010 kuwapa wagonjwa wake chaguo la kupunguza wanga badala ya kuongezewa dawa. Huwaeleza kwa vijiko: gramu 150 za wali uliopikwa hupandisha sukari ya damu karibu sawa na vijiko 10 vya chai vya sukari. Mkewe, Jen Unwin, ni mwanasaikolojia wa tiba, na wawili hao wameendesha pamoja vikao vya vikundi vya wagonjwa. Taarifa yao ya mwaka 2023 ilihusu watu 186 waliofuata mlo huo kwa wastani wa miezi 33. Asilimia 51 kati yao walikuwa wamerudi kwenye sukari ya kawaida bila dawa yoyote ya kisukari, na kwa waliogunduliwa kuwa na ugonjwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, kiwango kilikuwa asilimia 77. Watu hao walijichagua wenyewe, hivyo haifai kuichukulia taarifa hiyo kama jaribio la kulinganisha makundi. Hata hivyo, miezi 33 si muda mfupi, na kilichowafikisha huko ni vyakula vya kawaida na watu wa kuwaunga mkono.

Na mtu wa kwanza wa kumuunga mkono mgonjwa ni yule anayekula naye. Ndoa huambukiza ulaji. Uchambuzi wa watafiti wa Canada uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa mtu ambaye mwenzake wa ndoa ana kisukari aina ya pili yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kukipata, kwa asilimia 26, kuliko mtu ambaye mwenzake hana. Hawa hawana damu moja. Wana meza moja, au mkeka mmoja. Nicholas Christakis na James Fowler walichunguza kumbukumbu za miaka 32 za zaidi ya watu 12,000 wa Framingham, Marekani, wakaona mwaka 2007 kwamba mmoja wa wanandoa akinenepa kupita kiasi, uwezekano wa mwenzake kufuata huongezeka kwa asilimia 37. Habari njema ni kwamba maambukizo haya huenda pande zote mbili. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2015 kwa jozi 3,722 za wanandoa wenye umri wa miaka 50 na zaidi uliona kuwa uwezekano wa mtu kupunguza uzito uliongezeka zaidi ya mara mbili pale mwenzake naye alipopunguza. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut waliofuatilia jozi 130 za wanandoa walieleza mwaka 2018 kuwa mmoja alipowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito, karibu theluthi ya wenza wao, ambao hawakutibiwa wala kufundishwa chochote, walipungua kwa asilimia 3 au zaidi ndani ya miezi sita. Chakula kilibadilika ndani ya nyumba, nao wakabadilika.

Sitaki kuuzidishia ushahidi huu uzito. Kuna majaribio yaliyowaweka wenza wawili pamoja kwenye ushauri wa simu, na wastani wa matokeo yao haukuachana sana na wa wagonjwa walioshauriwa peke yao. Somo ninalolipata ni kwamba maneno peke yake hayatoshi hata yakisikiwa na watu wawili. Lazima yafike kwenye sufuria.

Nyumba nyingi za Tanzania na Kenya hupika sufuria moja ya ugali au ya wali, na mboga hupimwa ili zitoshe kuusindikiza ugali huo. Kumpikia mgonjwa chakula chake kando ni kutumia mkaa au gesi mara mbili na kuchosha mikono ya mpishi, tena ni kumtenga mtu na familia yake. Atavumilia wiki mbili, tatu, kisha atarudi kwenye sinia. Ukanda wa Pwani, ambako watu hula sinia moja, hali ni ngumu zaidi: hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mwenye kusita huonekana amekikataa chakula cha watu. Ndiyo maana nasema mabadiliko yaanze kwenye kile kinachopikwa, kabla ya kile kinachopakuliwa. Unga upungue sufuriani, mboga ziongezeke kwenye sufuria ya pili, na wote wale hicho hicho.

Hali hii ina upande wa macho ya watu pia, na haujadiliwi vya kutosha. Mwanamke akinenepa baada ya harusi husifiwa kuwa ndoa imemkubali. Kitambi cha mwanamume huhesabiwa kuwa dalili ya mambo kumnyookea. Akikonda, majirani huuliza kwa sauti ya chini anaumwa nini, na ndugu zake humtazama mke kwa jicho la lawama, kana kwamba anamnyima chakula. Wagonjwa wengi waliofanikiwa kupungua hurudishwa nyuma na maswali hayo. Wawili wakipungua pamoja, lawama hukosa pa kushika, na wanaweza kujibu kwa kauli moja kwamba wameamua hivyo.

Mlo wenyewe unakuwaje? Wataalamu wengi huita mlo wa wanga kidogo ule usiozidi gramu 130 za wanga kwa siku. Sahani ya ugali tuliyoihesabu mwanzoni imeupita mpaka huo kwa mlo mmoja. Hata hivyo ugali hauhitaji kufukuzwa nyumbani. Kipande cha ukubwa wa ngumi kina kama gramu 45 hadi 50 za wanga. Mtu anaweza kukila mchana, jioni akala kingine au akakiacha, akabaki ndani ya kiasi. Nusu ya sahani iwe mboga zisizo za wanga: mchicha, matembele, kisamvu, mlenda, sukuma wiki, kabeji, bamia, nyanya chungu, kachumbari. Robo iwe samaki, dagaa, mayai, kuku, nyama au maharage. Maharage na kunde yana wanga, lakini pia yana protini na nyuzinyuzi zinazoichelewesha sukari kuingia kwenye damu, kwa hiyo yahesabiwe bila kuogopwa. Parachichi, karanga na tui la nazi huongeza shibe. Asubuhi, mayai mawili na mboga zilizobaki jana huwa bora kwa mwenye kisukari kuliko chai ya sukari na maandazi au chapati. Na kabla ya kugusa ugali wowote, soda na juisi ziondoke. Chupa ya soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, na haina shibe yoyote.

Watu huniambia: basi tule dona badala ya sembe, tatizo limekwisha. Dona ni bora, maana imebaki na pumba na kiini cha mahindi, hivyo ina nyuzinyuzi na vitamini zaidi. Lakini kiasi chake cha wanga hakiko mbali na cha sembe, na anayekula mlima wa dona bado amekula mlima wa wanga. Ndivyo ilivyo kwa muhogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi za kupika na uji wa lishe, ambavyo wengi huviona ni vyakula vya mgonjwa kwa sababu ni vya asili au havina ladha ya sukari. Utamu wa mdomoni haupimi kitakachotokea kwenye damu. Mwezi wa Ramadhani huonyesha hatari hii waziwazi. Futari ya Pwani huweza kuwa na uji, tende, muhogo, viazi, tambi na kaimati kwa pamoja, vyote vikija juu ya tumbo lililofunga mchana kutwa. Tende moja au mbili, supu, samaki, kunde na kipande kimoja tu cha muhogo vinatosha kufuturu kwa heshima.

Wengine hutaja mababu: walikula ugali, hawakuugua. Mababu walilima kwa mikono, walitembea, walisaga au kutwanga nafaka yao, na wengi wao walikula mtama, ulezi na uwele kabla mahindi, mmea wa kutoka Amerika, hayajatawala mashamba. Hawakuwa na soda, mkate mweupe wala sukari ya dukani ya kila asubuhi. Tukitaka kula kama wao itabidi pia tufanye kazi kama wao. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 24 wa Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara walikuwa na kisukari na kwamba zaidi ya nusu yao hawakujua.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi, na sina jibu la kulimaliza. Unga ndio shibe ya bei nafuu kuliko zote, na familia inayohangaikia mlo mmoja kwa siku haipaswi kuhubiriwa habari za nyama na jibini. Kwa familia kama hiyo ushauri wa kweli ni mdogo: sukari na soda zipungue, dagaa na maharage yapewe nafasi kabla ya vitafunwa vya kununua, mboga za majani zilimwe hata kwenye viroba uani. Ila kwa nyumba nyingi za mjini, zile zenye uwezo wa soda, chipsi, mikate na maandazi ya kila siku, fedha ya mayai na samaki tayari inatumika, imeelekezwa pengine tu. Pia yafaa kuhesabu upande wa pili: vidonge, vipimo, nauli za kliniki, na vidonda vya miguu visivyopona.

Je, mafuta na moyo? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Public Health, uliowafuatilia Wamarekani zaidi ya 15,000, uliona vifo vingi zaidi kwa waliokula wanga kidogo sana na pia kwa waliokula wanga mwingi sana. Waliojaza nafasi ya wanga kwa nyama na mafuta ya wanyama walikuwa kwenye hatari zaidi. Waliojaza kwa vyakula vya mimea, kama mboga, karanga na jamii ya kunde, hatari yao ilikuwa ndogo. Huo ni uchunguzi wa kufuatilia watu tu, hauthibitishi chanzo, lakini unatosha kunifanya nisimshauri mtu kubadilisha ugali kwa nyama choma kila siku. Samaki, kunde na mboga zetu zinatupa njia salama zaidi, na kipimo cha mafuta ya damu kifanyike mara kwa mara. Watoto nao wasiingizwe kwenye hesabu hii. Mtoto anayekua na kukimbia mchana kutwa aendelee kupewa ugali na wali wake. Kinachomfaa yeye ni kupunguziwa sukari na soda tu.

Nimesema mume na mke, na hapa pana jambo la haki. Mume akiugua kisukari, kwa kawaida mke huambiwa ampikie vipi, na sufuria hubadilika. Mke akiugua, mara nyingi yeye ndiye anayeendelea kusonga ugali mkubwa kwa ajili ya wengine, kisha akajitafutia chake pembeni, kana kwamba ugonjwa ni siri yake na jiko. Mume anayesema anamuunga mkono mkewe huku akidai wali wa kujaa kila usiku hajamuunga mkono. Na mwanamume mwenye nyumba mbili anapaswa kuhakikisha sufuria zote mbili zinakubaliana, maana sukari inayopanda huku haishuki kwa sababu kule walikula vizuri.

Kuunga mkono pia si kulinda zamu. Mtu anayehesabiwa matonge mbele ya wageni, au anayefunuliwa alichokula kwa siri, atajifunza kuficha zaidi, na kisukari hupenda mafichoni. Ni afadhali kisichofaa kisinunuliwe kuliko kukinunua na kumkataza mmoja. Mizani nayo isigeuzwe mashindano. Katika utafiti wa kimataifa wa PREVIEW, uliohusisha zaidi ya watu 2,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, wanaume walipungua zaidi kuliko wanawake kwa wiki nane za mlo uleule. Mke akijilinganisha na mumewe atakata tamaa bila sababu. Kila mmoja ajilinganishe na alivyokuwa mwezi uliopita.

Liko jambo jingine la ndoa ambalo huongelewa kwa kunong'ona. Sukari iliyopanda kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na moja ya dalili za mapema kwa wanaume ni kupungua kwa nguvu za kiume. Wengi hukimbilia dawa za vichochoroni na kumficha mke, wakati walichohitaji ni kupimwa sukari. Wanawake nao hupata maambukizo ya mara kwa mara na ukavu. Wenza wanaoweza kulizungumza hili wana sababu ya kubadili mlo iliyo karibu nao kuliko onyo lolote la figo au macho la miaka ijayo.

Sasa lije jambo ambalo nisingependa msomaji yeyote alipite. Sahani moja haiwi na matokeo sawa kwa watu wanaotumia dawa tofauti. Anayechoma insulini, au anayemeza glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi, akipunguza wanga ghafla bila dawa kupunguzwa, sukari yake inaweza kushuka hadi hatari. Huweza kutetemeka, kutoka jasho, kuwa na njaa kali, moyo kumwenda mbio, kuongea ovyo au kuonekana amelewa. Mara nyingi mwenzake ndiye anayeona kwanza, hasa usiku. Apewe haraka maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia asiingizwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Wanaotumia dawa za jamii ya gliflozini wanaweza kupata sumu ya asidi kwenye damu wakiacha wanga kabisa, hata kipimo cha sukari kikiwa hakijapanda sana. Dawa za shinikizo la damu nazo huenda zikahitaji kupunguzwa mtu anapopungua uzito. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye kisukari aina ya kwanza na mtu aliye mwembamba tayari wasiufuate mlo huu bila mtaalamu. Metformini peke yake haishushi sukari kiasi hicho, lakini nayo isiachwe kwa uamuzi wa nyumbani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ifanyike kliniki, kabla ya sokoni. Nawaomba madaktari na wauguzi wa kliniki za kisukari wasimkabidhi mgonjwa karatasi ya vyakula akaondoka nayo peke yake. Mwiteni anayepika na anayekula naye, mpimeni naye sukari na shinikizo siku hiyohiyo, kisha waelezeni wote wawili dawa gani ipunguzwe lini. Nawe msomaji, kama wewe au mwenzako ana kisukari, siku ya kliniki ijayo nendeni pamoja, mkiwa na dawa zenu zote mkononi.